Enanga, Kibuyu cha Rubisi na Wimbo wa Kanisa Buhaya

Kanazi, katika Wilaya ya Bukoba Vijijini, lipo jumba la zamani lililokuwa makao ya Mukama Kahigi, mtawala wa Kihanja. Lilijengwa enzi za Wajerumani, na habari zinazosimuliwa juu yake mara nyingi ni za siasa. Tunasikia jinsi Emin Pasha alivyoanzisha boma la Bukoba mwezi Novemba 1890, jinsi Kahigi alivyochagua kushirikiana na wageni hao, na jinsi uwezo wake ulivyokua kwa sababu hiyo hadi alipofariki mwaka 1916. Habari hizo ni za kweli na zinafaa kukumbukwa. Lakini ikulu ya Mukama haikuwa mahali pa siasa peke yake. Ilikuwa pia mahali pa nyimbo, na mahali penye nyimbo palikuwa na rubisi.

Insha hii inafuatilia vitu hivyo viwili, wimbo na kinywaji, kutoka uani kwa Mukama hadi ndani ya Kanisa. Jambo hili si la kale tu. Hata leo wapo wazazi Wakristo wasiopenda mtoto wao aguse enanga, kwa sababu wanasema ni chombo cha walevi. Wapo pia vijana wanaoona kwamba Kanisa liliwanyima babu zao sauti yao. Pande zote mbili zina sababu. Kabla ya kuamua ni nani mwenye haki, ni vizuri tujue mambo yalivyokuwa.

Kinywaji kilichokanyagwa kwa miguu

Ndugu msomaji aliyezaliwa Buhaya hahitaji kuelezwa rubisi ni nini, lakini vijana wengi waliokulia mjini wanaijua kwa jina tu. Rubisi hutengenezwa kwa ndizi za pombe, zile zinazoitwa embire, si kwa ndizi za chakula. Ndizi huivishwa kwanza, kisha humenywa na kuwekwa katika mtumbwi wa mti uliochongwa kwa kazi hiyo. Wanaume huzikanyaga kwa miguu pamoja na majani makavu, mpaka juisi ijitenge na makapi. Juisi hiyo ikiwa bado tamu huitwa omuramba, na mtoto na mgonjwa huweza kuinywa. Ikichanganywa na mtama uliokaangwa na kusagwa, ikafunikwa kwa majani ya mgomba na kuachwa kwa muda wa siku moja hivi, inachacha na kuwa rubisi.

Katika Buhaya ya zamani kinywaji hiki kilikuwa na kazi nyingi kuliko kukata kiu. Mahari haikukamilika bila vibuyu vya rubisi. Mtu aliyepatikana na hatia mbele ya wazee wa ukoo aliweza kutozwa faini ya pombe, na wote waliokuwa na ugomvi walikunywa pamoja ili kuonyesha kwamba shauri limekwisha. Mtu aliyetengeneza pombe alitoa sehemu kwa wakubwa wake, na kibuyu cha Mukama kilikuwa na heshima yake. Sehemu nyingine ilimwagwa au kuwekwa kwa ajili ya mizimu ya ukoo. Kwa hiyo kibuyu kimoja kilifunga pamoja watu wa nyumba moja, majirani, mtawala na waliokufa. Mtu aliyekataa kunywa na wenzake hakueleweka kuwa ni mtu wa kiasi. Alieleweka kuwa ni mtu mwenye chuki, au mwenye jambo analoficha.

Ni muhimu tulikumbuke hili, kwa sababu bila hilo hatutaelewa ni mzigo gani Wakristo wa kwanza waliubeba.

Mpiga enanga na wasikilizaji wake

Enanga ni ubao mrefu uliochongwa kama sinia au mtumbwi mdogo, ukafungwa nyuzi zinazopita juu yake kutoka upande mmoja hadi mwingine. Mpigaji huketi, huiweka mbele yake au mapajani, huzikwanyua nyuzi kwa vidole na kuimba. Sauti yake si kubwa. Ni chombo cha watu walioketi kimya karibu na mwimbaji, usiku, kazi zikiwa zimekwisha.

Nyimbo zake zilikuwa ndefu. Baadhi zilikuwa tendi za mashujaa wa kale, kama utendi wa Kachwenyanja na utendi wa Rukiza. Nyingine zilimhusu Mugasha, ambaye katika imani ya zamani alikuwa mwenye ziwa na dhoruba. Nyingine zilisifu watawala, zilicheka watu wabahili au zililia kwa ajili ya wafu. Mwimbaji mzuri hakukariri tu. Alipanua hapa na kufupisha pale, akamtaja mwenye nyumba, akamchokoza mgeni, akaingiza habari za jana ndani ya kisa cha karne nyingi zilizopita. Kwa maneno ya siku hizi tungesema alikuwa mtunzi na mwimbaji kwa wakati mmoja.

Mwimbaji huyo alilipwaje? Alipewa chakula, alipewa zawadi na alipewa rubisi. Katika ikulu za Buhaya, iwe Kihanja, Kiziba, Maruku au Ihangiro, mpiga enanga hodari alikuwa mtu wa Mukama. Nje ya ikulu alialikwa arusini na katika mikutano ya kunywa. Kinywaji kilikuwa ujira wake, kilikuwa sababu ya watu kukusanyika, na mara nyingi kilikuwa sehemu ya maneno ya wimbo wenyewe.

Tunazijua nyimbo hizi leo kwa sababu watu wachache walizihifadhi. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki aliyekuwa na makao yake kusini mwa Afrika, alizunguka Tanganyika na mashine yake ya kurekodi, na wapiga enanga wa Bukoba walikuwa miongoni mwa walioimba mbele yake. Baadaye Profesa M. M. Mulokozi, mwenyeji wa Bukoba na mwalimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alizifanyia utafiti tendi za enanga na kuandika tasnifu yake ya udaktari juu yake, iliyokamilika mwaka 1986. Katika kazi hizo jina la Habibu Selemani linajitokeza kama la mmoja wa mabingwa wakubwa wa chombo hiki. Wataalamu wa nchi za mbali walikuwa wamesema kwamba Waafrika hawana tendi. Wapiga enanga wa Buhaya ni kati ya waliowajibu.

Ikulu zenyewe zilikwisha. Mwaka 1963, miaka miwili baada ya uhuru, serikali ya Tanganyika ilifuta utawala wa machifu. Tangu hapo mpiga enanga hakuwa na Mukama wa kumlisha. Alibaki na arusi, na alibaki na vilabu vya pombe. Basi watu wanaosema kwamba enanga ni chombo cha kilabuni wanasema jambo lenye ukweli, lakini wanaliona tangu katikati. Kilabu kilikuwa kimbilio la mwisho la chombo kilichokuwa kimepoteza nyumba yake.

Kanisa lafika, na kibuyu kawekwa kando

Wamisionari Wakatoliki, Mapadre Weupe, walianza kazi Kashozi mwaka 1892. Upande wa Kiinjili mambo yalianza kwa njia nyingine. Wahaya kadhaa walipata mafundisho na vitabu kutoka Uganda, wakasoma na kuomba pamoja kabla hawajawa na mmisionari yeyote wa kwao. Wamisionari wa Betheli kutoka Ujerumani walipofika mwaka 1910, walikuta watu waliokwisha anza safari.

Makanisa yote mawili yalikuja na nyimbo zao. Kwa Wakatoliki zilikuwa za Kilatini, na kwa Wakristo wa Kiinjili zilikuwa tenzi za Kijerumani na Kiingereza zilizotafsiriwa. Makanisa yote mawili yalikuja pia na divai, na hapa lilitokea jambo la kuchekesha kidogo. Mizabibu haikulimwa Buhaya. Kinywaji pekee kilichoruhusiwa mezani pa Bwana kilipaswa kutoka mbali, wakati migomba ilizunguka kila kanisa. Hata neno tunalolitumia lilisafiri: divai tumelipata kwa Kifaransa, na mvinyo tumelipata kwa Kireno. Baadaye, katikati ya karne ya 20, wamisionari Wakatoliki walipanda zabibu Bihawana karibu na Dodoma, na Tanzania ikaanza kuwa na divai yake yenyewe. Lakini kwa mkulima wa Kanazi, divai iliendelea kuwa kitu cha Jumapili kilichotoka kwa wenzetu.

Rubisi nayo ilitazamwa kwa mashaka, na sababu haikuwa ulevi peke yake. Ile sehemu iliyotolewa kwa mizimu ilikuwa tatizo kubwa zaidi. Mkristo angewezaje kunywa kutoka chungu ambacho sehemu yake imetolewa kwa waliokufa? Mtume Paulo alikutana na swali la namna hiyo kule Korintho juu ya nyama, na jibu lake lilihitaji sura tatu nzima. Wakristo wa kwanza wa Buhaya walilazimika kulijibu katika kila arusi na kila msiba.

Kisha ukaja Uamsho. Ulianzia Rwanda na Uganda mwishoni mwa miaka ya 1920 na mwanzoni mwa miaka ya 1930, ukavuka mpaka na kuingia Bukoba. Waliookoka, Abalokole, walikata shauri bila kusitasita. Waliungama dhambi zao hadharani, walirudisha mali walizoiba, na wengi waliacha pombe kabisa. Hatuwezi kuandika historia ya familia za Kikristo Buhaya bila kuwashukuru. Mke ambaye mumewe alikuwa akirudi na hasira kila usiku alijua vizuri maana ya wokovu pale mume huyo alipoanza kurudi mapema, akiwa na fedha ya kahawa mfukoni. Watoto walilipiwa ada. Hayo ni matunda, na Bwana alitufundisha kuutambua mti kwa matunda yake.

Lakini kibuyu kilipowekwa kando, enanga iliwekwa kando pamoja nacho. Hakuna sinodi iliyohitajika kutoa amri. Mtu aliyeokoka hakwenda tena mahali enanga ilipopigwa, na mpiga enanga aliyeokoka mara nyingi aliona heri aache chombo chake kuliko kurudishwa nacho kwenye kundi la zamani. Aliyewahi kumfahamu mtu aliyetoka katika ulevi hatamlaumu. Kwake uzi mmoja ukikwanyuliwa ulitosha kumkumbusha ladha.

Mahali pa nyimbo hizo pakajazwa na wimbo wa Uamsho unaojulikana kila mahali, Tukutendereza. Unaimbwa kwa Kiganda hata na watu wasiojua Kiganda, na wengi wanaamini kwamba ni wimbo wa Kiafrika tangu asili. Kwa kweli ulitokana na utenzi wa Kiingereza wa karne ya 19. Sisemi hivi ili kuushusha. Wimbo ule umekuwa wetu kwa machozi na furaha za watu wetu. Nasema hivi ili tuone jambo moja: kama utenzi wa Kiingereza uliweza kuwa sauti ya Mwafrika aliyeokoka, asili ya wimbo siyo inayoamua mwisho wake.

Nyimbo za divai katika Biblia

Kupenda divai kumezaa nyimbo katika mataifa mengi. Watoto wetu wanajua hekaya za Abunuwasi, yule mjanja anayewashinda wafalme kwa maneno. Jina hilo lilikuwa la mtu halisi, mshairi wa Kiarabu aliyeishi Baghdad katika karne ya 8 na mwanzoni mwa karne ya 9, na sifa yake kubwa ilikuwa mashairi ya kusifu divai. Mtu huyohuyo aliandika pia mashairi ya toba. Basi hata yule tunayemcheka katika hadithi alijua kwamba kikombe kina upande wa furaha na upande wa majuto.

Biblia inajua pande zote mbili. Zaburi ya 104 inaitaja divai pamoja na mafuta na mkate kuwa zawadi za Mungu kwa mwanadamu, na inasema wazi kwamba inaufurahisha moyo. Kule Kana mitungi ilikuwa sita, na kwa kipimo alichokitaja Yohana ilichukua zaidi ya lita 400. Lakini Biblia hiyohiyo inatuonyesha Nuhu amelewa hemani mwake, na Wakorintho wamelewa mbele ya Meza ya Bwana. Tena katika Yeremia 35 tunawaona Warekabi, ukoo ulioapa kutokunywa divai kwa sababu baba yao aliwaagiza hivyo, na Mungu akawasifu kwa uaminifu wao. Mungu hakuwaambia Israeli wote wawe Warekabi, lakini hakumruhusu mtu awadharau. Nafikiri Abalokole wetu ni Warekabi wa Buhaya, na heshima hiyo wanaistahili.

Sura inayotusaidia zaidi ni Isaya 5. Nabii anaanza kwa kuimba. Anajifanya mwimbaji wa mavuno anayesimulia juu ya rafiki yake na shamba lake la mizabibu: jinsi alivyolima, alivyotoa mawe, alivyojenga mnara na kuchimba shinikizo. Wasikilizaji waliufahamu wimbo wa namna hiyo. Ulikuwa wimbo wa kupendana na wa kunywa, wimbo wa sikukuu. Walipokuwa wamekwisha kuanza kufurahi, nabii akaugeuza. Shamba lilizaa zabibu mwitu, na shamba hilo ni nyinyi. Mungu alitazamia haki, akasikia kilio cha walioonewa.

Hatua chache mbele, katika sura hiyohiyo, Isaya anatangaza ole juu ya watu wanaoamka alfajiri kufuata kileo na kukesha nacho, ambao karamu zao zina vinubi na matari na filimbi na divai, lakini hawaiangalii kazi ya Bwana. Angalieni, wapendwa. Nabii aliyetumia wimbo wa divai ndiye huyohuyo aliyekemea vinubi vya walevi. Hakukemea kinubi kwa sababu ni kinubi. Kosa lilikuwa kwamba waliokishika walikuwa wamesahau maskini na wamemsahau Mungu. Yeye mwenyewe aliuchukua wimbo wa watu hao na kuutumia kuwarudisha.

Kuna jambo jingine dogo ambalo wengi tunalipita tukisoma. Zaburi ya 8, ya 81 na ya 84 zina neno la Kiebrania juu yake, Gitithi, linaloachwa hivyohivyo katika tafsiri nyingi. Wayahudi waliotafsiri Agano la Kale kwa Kiyunani kabla ya Kristo walilielewa kuwa linahusu mashinikizo ya divai. Kwa maelezo yao, zaburi hizo zingeimbwa kwa namna ya nyimbo za watu wanaokanyaga zabibu. Mtu wa Kanazi aliyewahi kuingia katika mtumbwi wa kukanyagia ndizi, miguu yake ikiwa ndani ya juisi hadi kwenye vifundo, anaweza kuisoma Zaburi ya 84 kwa uelewa ambao profesa wa Ulaya hana.

Wimbo wa Pasaka

Historia yenyewe ya Buhaya ilikwisha kutoa jibu, nalo lilitoka ndani ya Kanisa.

Miaka ya 1960 ilikuwa miaka ya mabadiliko. Upande wa Katoliki, Mtaguso wa Pili wa Vatikani ulitoa hati yake juu ya liturujia mwezi Desemba 1963, na mlango ukafunguliwa kwa lugha na muziki wa kila taifa. Laurean Rugambwa, mwana wa Buhaya, alikuwa amekwisha kufanywa kardinali mwaka 1960, Mwafrika wa kwanza kupewa daraja hilo katika nyakati hizi. Upande wa Kilutheri, mwaka 1964 Josiah Kibira alipokea uaskofu kutoka kwa Bengt Sundkler na kuwa Mwafrika wa kwanza kuongoza dayosisi ile ya Bukoba. Kibira alikuwa mtu wa Uamsho. Hakuna aliyeweza kumshtaki kwamba anataka kurudisha upagani. Hata hivyo, katika kitabu chake juu ya Kanisa na ukoo kilichotoka mwaka 1974, aliutazama kwa makini umoja wa ukoo wa Kihaya na omukago, udugu wa damu uliofungwa kwa kula buni, na akauliza ni nini Kanisa linaweza kujifunza hapo kuhusu ushirika wa watu wa Kristo. Aliona kwamba waliofunga omukago waliuheshimu kuliko Wakristo wengine wanavyoheshimu ushirika wao.

Katika miaka hiyo alikuwapo mtumishi kijana kutoka Kagera, Bernard Kyamanywa. Alitunga wimbo wa Pasaka kwa Kiswahili, Mfurahini Haleluya, na akauimbisha kwa sauti ya kienyeji ya Kihaya. Howard Olson, mmisionari aliyefundisha katika chuo cha theolojia cha Makumira, alikuwa akikusanya nyimbo za namna hii kutoka makabila ya Tanzania, akazitoa katika kitabu cha Tumshangilie Mungu. Yeye ndiye aliyetafsiri wimbo wa Kyamanywa kwa Kiingereza. Leo umo katika vitabu vya nyimbo vya makanisa ya Marekani na kwingineko, na chini yake imeandikwa kwamba sauti imetoka Tanzania. Asubuhi ya Pasaka watu ambao hawajawahi kuuona mgomba wanamtangaza Bwana aliyefufuka kwa sauti ya Buhaya.

Fikirini maana yake. Kwa zaidi ya miaka 50 Mhaya alikuwa ameingia kanisani akiacha sauti yake mlangoni, na alifanya hivyo kwa moyo safi. Wimbo huo mmoja ulionyesha kwamba sauti haikuwa dhambi. Ilihitaji kupewa habari ya kutangaza, na ilipopewa habari iliyo kuu kuliko zote, iliibeba mpaka miisho ya dunia.

Jirani zetu Waganda walifika mahali hapo kwa njia yao. Kwao ennanga ilikuwa kinubi cha ikulu ya Kabaka, na leo jina hilo wanaliita pia kinanda cha kanisani. Neno lilitoka ikuluni likaingia ibadani, na hakuna anayeshtuka.

Wajibu wetu leo

Mwaka 2001 binti wa Kagera, Saida Karoli, alitoa albamu yake ya Chambua Kama Karanga. Nyimbo zake za Kihaya ziliimbwa na kuchezwa nchi nzima na nje yake na watu wasiojua hata salamu ya Kihaya. Tulijifunza kwamba vijana hawaichukii sauti ya nyumbani. Wakiisikia ikiimbwa vizuri wanaifuata. Swali ni nani atakayewapa, na kwa maneno gani.

Wakati huohuo kibuyu chenyewe kimebadilika. Mnyauko wa migomba uliripotiwa Kagera mwaka 2006, na ndizi za pombe ni kati ya zilizoshambuliwa vibaya. Mashamba mengine yalilazimika kung'olewa. Mahali pa rubisi pakachukuliwa na bia ya dukani, na mahali pengine pakachukuliwa na gongo, ambayo haina wimbo, haina wazee na haina desturi ya kugawana. Mtu hunywa peke yake mpaka aanguke. Wachungaji wetu wanazika vijana kwa sababu hiyo. Katika hali kama hii Kanisa haliwezi kulainisha sauti yake juu ya ulevi, na insha hii haina nia ya kulishauri hivyo. Aliyeacha pombe asishawishiwe kuirudia kwa jina la utamaduni, hata kwa kibuyu kimoja cha heshima kwenye arusi. Mpeni omuramba naye ameshiriki.

Lakini enanga ni jambo jingine, na wanaoijua vizuri wamebaki wachache. Kila mzee mmoja akizikwa tunazika nyimbo zake pamoja naye. Kwaya zetu zina vinanda vya umeme na spika kubwa, na hilo si baya. Je, ni vigumu kiasi gani kwaya ya vijana kumwendea mzee anayeijua enanga, hata kama alijifunza kilabuni, na kumwomba awafundishe? Pengine mzee huyo hajaingia kanisani miaka mingi kwa sababu aliambiwa kwamba kitu pekee anachokijua hakitakiwi na Mungu. Vijana wakija kwake kama wanafunzi, huenda yeye naye akaja nao Jumapili.

Na tukiifundisha, tusiifundishe iwe pambo la kupokelea wageni. Enanga ilikuwa chombo cha kusimulia habari ndefu kwa watu waliokaa kimya. Sisi tunazo habari ndefu za kusimulia: Ibrahimu, Yusufu, Ruthu, Daudi, na ile ya Bwana wetu kuanzia Bethlehemu hadi kaburi lililo wazi. Tunazo pia habari za hapa kwetu, za wale wa kwanza waliosoma bila mwalimu na za wale waliorudisha walivyoiba. Mpiga enanga wa zamani aliwaimbia watu matendo ya Mukama kwa usiku mzima, na ujira wake ulikuwa kibuyu. Wakristo wa Kihanja wanaye Mukama mwingine wa kumwimbia, na matendo yake hayajaimbwa yote kwa Kihaya. Jumbe za sharika zetu, kamati za muziki na wazazi walioko nyumbani wakilichukua jambo hili mikononi mwao mwaka huu, bado wapo wazee wa kutosha wa kuanzia.